Mmea Haunywi Wastani

Wapenzi wa lugha, leo naleta barazani neno ambalo sote tunalitumia na ambalo ni wachache miongoni mwetu waliowahi kulisimamisha na kulikagua: wastani. Mwalimu huandika katika ripoti kwamba maendeleo ya mtoto ni ya wastani. Muuza nguo humwonyesha mteja shati la ukubwa wa wastani. Karani wa takwimu hujumlisha, hugawanya, kisha hututajia wastani. Neno limetoka kwenye Kiarabu, katika mzizi wenye maana ya kati, nalo limeshazoea kwetu kiasi kwamba halionekani tena kuwa mgeni.

Ndani ya neno hili, hata hivyo, mna maana mbili zinazoishi nyumba moja. Ya kwanza ni hali ya kadiri: kitu kisichozidi wala kupungua. Ya pili ni tokeo la hesabu: vitu vingi visivyolingana vimekusanywa na kugawanywa hadi vikazaa tarakimu moja. Katika mambo mengi maana hizi hukaribiana, na hakuna anayeumia kwa kuzichanganya. Katika mkoa wa Singida, mahali nilipozaliwa, zinaweza kutengana hadi zikamwondoa mtoto shuleni. Nasema hivyo kwa sababu nimeliona.

Aliyenirudisha kwenye neno hili ni mpwa wangu wa kidato cha tatu. Alinipigia simu jioni moja: "Shikamoo, mjomba. Hivi mesofiti kwa Kiswahili tunaiitaje?" Anajua ninaandika mashairi, na kwake mtu anayeandika mashairi ni kamusi yenye miguu. Swali lake si la ajabu. Watoto wetu husoma habari za mbegu, mizizi na majani kwa Kiswahili katika shule ya msingi, kisha wanapovuka kwenda sekondari mimea ileile huwapokea kwa Kiingereza, ikiwa na majina mapya. Ninavyosikia, wengi hulifasiri neno hilo kuwa "mimea ya unyevu wa wastani." Jibu hilo lilikuwa tayari ulimini mwangu. Nikalizuia, nikamwambia anipe siku chache. Makala hii ndiyo siku chache zenyewe.

Tuanze na mmea, kisha turudi kwenye neno.

Mwaka 1895 mtaalamu wa mimea wa Denmark, Eugenius Warming, alichapa kitabu kuhusu jumuiya za mimea, na ndani yake akaipanga mimea kwa kuangalia uhusiano wake na maji. Kuna inayoishi majini au kwenye tope la kudumu. Kuna inayoishi penye ukame. Kuna inayostahimili chumvi. Na kuna ile iliyobaki, isiyo ya ziwani wala ya jangwani, ambayo jina lake lilifinyangwa kwa maneno mawili ya Kigiriki: mesos, yaani kati, na phyton, yaani mmea. Hiyo ndiyo mesofiti. Mahindi ni mesofiti. Maharage, maboga, nyanya, mchicha, kunde, viazi vitamu, alizeti, na miti mingi ya matunda tunayoifahamu, yote imo humo. Tukisema "mmea" bila kuongeza sifa yoyote, picha inayotujia ni ya mesofiti: shina la kijani, majani mapana yaliyo laini, mizizi ya kawaida. Huenda ndiyo sababu hatukuupa jina. Lugha huvipa majina vitu vinavyoshangaza. Vya kila siku huvikalia kimya.

Mwili wa mmea huu unaonyesha tabia yake. Jani lake ni pana na jembamba, lina ngozi nyepesi, na limejaa vitundu vidogo sana visivyoonekana kwa macho. Kupitia vitundu hivyo mmea huvuta hewa ya kutengenezea chakula, na kupitia vitundu hivyohivyo maji hutoka kama mvuke. Hauwezi kupata kimoja bila kukipoteza kingine. Udongo ukiwa na unyevu, biashara hiyo ina faida: maji yanatoka juu, mengine yanapanda kutoka chini. Udongo ukikauka, mmea hufunga vitundu ili usife kiu. Ukivifunga muda mrefu, unaanza kuona njaa. Kila siku ya ukame mmea wa aina hii huchagua kati ya kiu na njaa, nao hauna ghala la maji ndani ya mwili wake la kuusogeza hadi kesho.

Ulinganishe na mnyaa. Singida ni nchi ya minyaa. Tumeizungushia nyua zetu vizazi na vizazi. Mnyaa umeachana na majani mapana. Vijani vyake ni vidogo na hudondoka mapema, na kazi ya kupika chakula hufanywa na vijiti vyake vya kijani vilivyojaa utomvu mweupe. Utaukuta mwezi wa Oktoba, wakati ardhi imepasuka na mbuzi wanatafuna makaratasi, uko vilevile ulivyokuwa mwezi wa Machi. Mnyaa haulalamiki. Na kwa kuwa haulalamiki, hauna mengi ya kumwambia mkulima.

Anayetaka kuyaona makundi yote manne ya Warming hana haja ya kusafiri mbali, kwani mkoa huu mmoja unayo. Pembezoni mwa mji wa Singida kuna maziwa ya chumvi, Singidani na Kindai, na nyasi zinazoota karibu na kingo zake ni zile tu zinazoiweza chumvi hiyo. Juu ya miamba mikubwa inayotawala mandhari ya mji kuna mimea yenye majani manene au isiyo na majani kabisa. Ukielekea magharibi mwa Iramba, kwenye mbuga ya Wembere, utakuta matete yaliyosimama ndani ya maji msimu wa mvua. Na kati ya hayo yote, kuanzia Ikungi hadi Mkalama, kuanzia Kiomboi hadi Manyoni, kuna mashamba; na mashambani humo ndimo mesofiti anamoishi, akilindwa na jembe, akiitegemea mvua.

Sasa turudi kwenye wastani.

Mkoa wa Singida hupata mvua ya takriban milimita 500 hadi 800 kwa mwaka, na karibu yote hunyesha katika msimu mmoja, tangu mwishoni mwa Novemba au Desemba hadi Aprili. Mahindi, kwa mujibu wa vitabu vya kilimo, huhitaji takriban milimita 500 hadi 800 kwa msimu ili yatoe mavuno mazuri. Tazama tarakimu hizo, msomaji. Zimelingana. Anayekaa mezani na kalamu atakuambia kwamba Singida na mahindi ni kama chungu na kifuniko chake. Anayekaa shambani anajua kwamba tarakimu hizo hazikuwahi kukutana. Mvua ya milimita 80 inaweza kushuka alasiri moja, ikabomoa matuta, ikakimbilia korongoni, na kesho yake ikawa ni hadithi tu. Zinaweza kufuata wiki tatu za jua. Kisha mvua ikarudi kwa fujo mwezi wa Machi, ikayakuta mahindi yamekwisha kukata tamaa. Mwisho wa msimu karani atajumlisha, na jumla itakuwa nzuri.

Nilikuwa darasa la sita mwaka huo. Nyumbani kwetu Ikungi tulikuwa na mashamba mawili: moja karibu na nyumba, lenye udongo wa kichanga, na jingine bondeni. Kila mwaka mama alipiga hesabu ya kugawa: mtama na uwele sehemu gani, mahindi sehemu gani. Mtama na uwele vilikuwa chakula cha uhakika. Mahindi yalikuwa chakula pia, lakini zaidi yalikuwa fedha, kwa sababu wanunuzi waliokuja mnadani waliyapenda. Mwaka huo fedha ilihitajika kuliko kawaida. Dada yangu mkubwa alikuwa amechaguliwa kwenda kidato cha kwanza, na enzi hizo, miaka mingi kabla ada ya sekondari za serikali kufutwa mwaka 2016, kuchaguliwa kulikuwa nusu tu ya safari. Januari alianza shule kwa nusu ya ada. Nusu ya pili iliachiwa mahindi.

Redioni tulikuwa tumesikia kwamba msimu ule mvua zingekuwa za wastani. Lugha hiyo mnaifahamu: za wastani, chini ya wastani, juu ya wastani, wastani hadi juu ya wastani. Katika lugha ya watabiri wa hali ya hewa, mvua za wastani ni zile ambazo jumla yake iko kati ya asilimia 75 na 125 ya kiwango cha muda mrefu cha mahali husika. Ni istilahi safi, yenye mipaka inayopimika. Lakini istilahi ikitoka katika chumba cha wataalamu na kuingia katika tembe la mkulima, huvuliwa joho lake mlangoni. Mama alisikia mvua za wastani akaelewa kama anavyoelewa Mswahili yeyote: mvua za kadiri, zisizozidi wala kupungua, mvua za kutosha. Akatoa sehemu kubwa ya shamba la bondeni akaipa mahindi.

Januari ilinyesha vizuri. Mahindi yalipanda hadi kiunoni mwangu, ya kijani iliyokoza. Kisha mvua ikanyamaza, katika wiki zilezile mbelewele zilipoanza kuchomoza. Hakuna wakati mbaya kwa mahindi kuliko huo. Ungaunga wa mbelewele unapaswa kuzifikia ndevu zikiwa bado na unyevu. Kila unywele wa ndevu ni njia ya punje moja. Ndevu zikichelewa kwa kiu, au zikikauka kabla ya kupokea, gunzi hubaki na mapengo, na mvua itakayokuja baadaye haina uwezo wa kuyaziba.

Hapo ndipo nilipojifunza kwamba mama alikuwa msomaji, ingawa hakuwahi kukaa darasani muda mrefu. Mchana majani ya mahindi yalijikunja kama mkeka unaoviringishwa, nami nikamkimbilia kumwambia kwamba yanakufa. Akanijibu, "Usiyaulize mahindi saa saba mchana, mwanangu. Saa saba kila kitu kinalalamika. Yaulize alfajiri." Kesho yake tulikwenda bondeni kabla ya jua kuchomoza. Majani yalikuwa yamefunguka, yamenyooka, kama vile jana haikuwapo. Mama akagusa jani moja, akasema, "Bado mabichi." Siku zilizofuata tuliendelea kwenda. Ikaja alfajiri moja tukakuta majani bado yamejikunja. Usiku mzima haukuyarudishia kitu. Mama alisimama kwenye tuta kwa muda, kisha akarudi nyumbani bila kusema neno, na jioni hiyo akaanza kuhesabu mbuzi.

Nimesoma vitabu kadhaa baadaye vinavyoeleza jambo hilo kwa istilahi: kuna kunyauka kwa muda, ambako mmea hurejea usiku udongo unapoupa nafasi, na kuna kunyauka kusikorejea. Sijaona kitabu kilicholieleza vizuri zaidi ya "yaulize alfajiri."

Mvua ilirudi, tena kwa wingi. Mto mdogo wa bondeni ulifurika mwezi wa Machi. Nina hakika kwamba mtu aliyekuwa na kipimo cha mvua karibu nasi aliandika jumla ya kupendeza mwaka huo. Sisi tulivuna magunzi yenye mapengo, debe chache. Mtama, ambao jani lake lina nta ya kuzuia maji yasipotee na ambao hujua kusimama ukuaji wake kwa muda kisha kuendelea mvua ikirudi, ulitulisha. Ulitulisha, lakini haukutosha kulipa ada. Likizo ya Juni dada alirudi nyumbani na sanduku lake la bati. Julai wenzake walirudi shule, yeye alibaki. Mpwa wangu anayeniuliza habari za mesofiti ni binti yake.

Sisimulii haya ili kumtafuta wa kulaumu. Redio ilisema kweli, na mama alisikia kweli. Kati ya kweli hizo mbili kulikuwa na neno moja lenye maana mbili, na shamba likapita katikati yake. Ninachotaka wenzangu tukione ni hiki: mmea haunywi wastani. Mmea hunywa leo. Kunywa mara mbili wiki ijayo hakulipi deni la kiu ya wiki hii. Unyevu ambao mesofiti anauhitaji ni wa kadiri kila baada ya siku chache, na kadiri hiyo haimo katika tarakimu ya mwaka.

Dada yangu bado analima kulekule, alizeti na mtama kwa wingi, mahindi kidogo. Nilipompigia kumweleza swali la binti yake, alicheka, akasema yeye hana habari na milimita. Kwake mvua ni za namna mbili: mvua mgeni na mvua jirani. Mvua mgeni huja na kishindo, hula kila kilichoandaliwa, huvunja vyombo, huondoka, na hujui atarudi lini. Mvua jirani huja kidogokidogo, hupiga hodi, huacha kitu, na baada ya siku tatu utamwona tena. "Mazao hulelewa na jirani," akasema. Mtu huyu aliondoka shule akiwa kidato cha kwanza. Nimeiandika kauli yake katika daftari langu, kwa sababu sijui istilahi inayoipita.

Wenzangu washairi, hapa nataka niseme nanyi kidogo. Hazina ya mimea katika ushairi wetu ni ya pwani kwa sehemu kubwa, na ni haki iwe hivyo, maana pwani ndiko utenzi na shairi vilikolelewa. Tumerithi waridi, asumini, mkadi, mnazi na mkarafuu. Mtoto wa Ikungi hujifunza kumsifu mpenzi wake kwa asumini kabla hajawahi kuinusa. Sina ugomvi na asumini. Lakini bara nako kumeshatoa watu waliolipanua shairi. Jirani yetu wa Dodoma, Mathias Mnyampala, ndiye tunayemkumbuka kwa kuipa ngonjera nafasi yake katika fasihi ya taifa hili. Kama uwanda wa kati umeweza kutupa umbo, hauwezi kushindwa kutupa mimea.

Na mimea ya kiu ya kadiri ina lugha tajiri mno. Kiswahili kina msururu wa vitenzi kwa ajili yake, na kila kimoja kina daraja lake. Jani hulegea. Kisha husinyaa. Kisha hunyauka. Kisha hukauka. Kulegea ni kwa mchana mmoja. Kusinyaa ni kwa siku kadhaa, na bado kuna matumaini. Kunyauka kunaomba maji haraka. Kukauka hakuombi tena. Kisha kuna vitenzi vya upande wa pili: kuhuika, kuchipua, kumea, kustawi, kutononoka. Mshairi anayeandika kwamba moyo wake "umekauka" wakati kwa kweli umelegea tu kwa jua la saa saba amempotosha msomaji wake kwa madaraja matatu. Na yote haya tumefunzwa na mesofiti. Mnyaa haulegei. Dungusi kakati hasinyai kwa mchana mmoja. Lugha yetu ya huzuni na ya kurejewa na uhai imetoka katika majani mapana ya mimea isiyo na akiba.

Tena kuna kile kivumishi alichokitumia mama: -bichi. Tunda bichi halijaiva. Nyama mbichi haijapikwa. Nguo mbichi haijakauka. Kuni mbichi bado zina maji ya mti. Tunasema samaki mkunje angali mbichi, tukimaanisha mtoto. Kivumishi kimoja kimebeba uhai, unyevu, ujana na kutokamilika. Mama aliposema "bado mabichi" pale bondeni alfajiri, alisema yote manne kwa pamoja. Sijui lugha nyingine niliyoisoma inayoweza kufanya hivyo kwa silabi mbili.

Nisiwasahau mlenda. Mvua za kwanza zikinyesha, mlenda huota wenyewe mashambani na kando ya njia, bila kupandwa na mtu. Majani yake ni laini, yasiyo na kinga yoyote dhidi ya kiangazi. Mvua ikikatika, nayo hupotea. Lakini kina mama wa Singida huyachuma wakati wake, huyaanika juu ya miamba iliyopata moto wa jua, huyatwanga, na kuyaweka ndani ya kibuyu. Mwezi wa Septemba, wakati hakuna jani la kijani ila la mnyaa, hutiwa kijiko cha unga huo katika maji yanayochemka, na ule uteute hurudi, unavutika kama siku ulipochumwa. Mmea usio na ghala mwilini umepata ghala katika mkono wa binadamu. Mwaka ule wa mapengo tulikula mlenda na ugali wa mtama tangu Julai hadi Desemba, na ndiyo maana mimi siwezi kukubali kwamba mlenda hauna nafasi katika shairi.

Hata msitu wetu unaijua siri hiyo ya kuhifadhi na kungoja. Ukienda Itigi utakuta kichaka maarufu, kilichosongamana kiasi kwamba mtu hupenya kwa shida. Msimu wa mvua ni kijani tupu, majani teketeke kama ya nchi yenye neema. Kiangazi kikiingia, kichaka hupukutisha majani na kubaki fito tupu za kijivu. Mgeni anayefika Septemba atasema ni nyika ya ukame. Anayefika Februari atasema ni nchi ya unyevu. Wote wawili wamekiona kichaka kilekile. Kwetu kadiri ni majira: huja, hukaa miezi michache, huondoka, na mimea imejifunza kuishi haraka ndani yake na kulala nje yake.

Basi nimjibu nini mpwa wangu?

"Mimea ya unyevu wa wastani" nimelikataa, na sababu mmeshaiona. "Mimea ya kati" ni tafsiri aminifu ya Kigiriki, ila halimwambii msikilizaji ni kati ya nini na nini; mtu angedhani ni mimea ya urefu wa kati. "Mimea ya kadiri" linapendeza sikioni na nilikaa nalo siku mbili. Mwishowe nimeelekea kwenye neno jingine la Kiarabu lililozeeka kwetu kwa heshima: kiasi. Mimea ya kiasi.

Kiasi ni kipimo. Ni neno la mkono unaopima: kiasi cha chumvi, kiasi cha dawa. Halitokani na kujumlisha na kugawanya. Linatokana na kutoa kwa kipimo, kila mara inapohitajika. Tena ni neno la tabia. Mtu wa kiasi ni mtu asiyepapia wala kujinyima, na anayekula kwa kiasi leo hali mara tatu kesho kwa kisingizio kwamba jana hakula. Najua kuna atakayepinga kwamba kiasi humaanisha pia idadi isiyotajwa, kama katika "kiasi gani?" Namjibu kwamba hilo ndilo swali mkulima wa Singida analomuuliza mbingu kila Desemba, hivyo halina ubaya likikaa ndani ya jina. Na atakayesema tubaki na mesofiti kwa kuwa limeshazoeleka maabara, namkubalia kwa nusu. Kukopa si aibu. Wastani ni mkopo, kiasi ni mkopo, na kila nitajapo alizeti masikio yangu husikia mafuta ya Waarabu. Mesofiti libaki katika mtihani. Lakini neno la mtihani lisimzuie binti kuliona shamba la mama yake.

Nimemwandikia mpwa wangu jibu hilo, nikaongeza beti mbili, ambazo nazileta na kwenu ili mzipime vina na mizani. Anayezungumza ni mmea wenyewe:

Siombi ziwa la maji, wala gharika ya kasi,
Sina ghala la mtaji, majani yangu mepesi,
Asubuhi ni mnywaji, adhuhuri wasiwasi,
Nipimie, mpimaji, nipe leo kwa kiasi.

Mto ukiwa mkavu, narudi mbeguni mwangu,
Nalala bila uchovu, kibuyuni kwa mamangu,
Nausubiri unyevu, na habari ya mawingu,
Kulala si kwa uvivu, kiasi ni jina langu.

Mwenye neno bora kuliko "mimea ya kiasi" na alilete. Na mwenye kitenzi cha kwao, cha Kinyaturu, Kinyiramba, Kigogo au lugha yoyote ya nyumbani, kinachotaja hatua ya jani ambayo Kiswahili hakina daraja lake, nacho akilete kabla hakijakauka.